JE, ILIKUWA HAKI KUMWUA CAESAR?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama katika darasa la jioni la tawi. Tunayachapa kama yalivyosemwa, kwa kuwa wengi waliokuwapo wameomba wayasome kwa nafasi.)



Nimetakiwa nizungumze juu ya jambo lililotendeka zamani sana, tena mbali sana, nami najua ya kwamba wako watu humu ndani wanaojiuliza habari za Warumi zatuhusu nini sisi. Nitawajibu kwa ufupi. Kila mwaka ukifika mwezi wa saba twasema Julai, na jina hilo ni la mtu huyu. Mababu zetu wa Tanganyika walitozwa kodi na kupigwa viboko kwa jina la mtawala wa Kijerumani aliyeitwa Kaizari, na cheo hicho cha Kaizari ni jina la mtu huyu huyu, lililogeuzwa kuwa cheo baada ya kufa kwake. Tena Mwalimu Nyerere, mwaka 1963, alipokuwa na mzigo mzima wa nchi changa mabegani, alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare unaosimulia kuuawa kwa mtu huyo. Basi jina tumelizoea. Lililobaki ni kuijua kesi yake.

Kesi yenyewe ni hii. Tarehe 15 Machi mwaka 44 K.K. Baraza la Wazee wa Roma, ambalo wenyewe waliliita Seneti, lilikutana katika ukumbi uliojengwa na Pompeius karibu na jumba lake la michezo, kwa sababu ukumbi wa kawaida ulikuwa ukijengwa upya. Julius Caesar aliingia akaketi. Mtu mmoja aitwaye Cimber akamwendea kama anayemwombea nduguye ruhusa ya kurudi kutoka uhamishoni, akalishika joho lake. Hiyo ndiyo iliyokuwa ishara. Casca alipiga kwanza, wengine wakafuata, na katika vurugu ile wakajeruhiana hata wao kwa wao. Caesar alipata majeraha 23, na tabibu aliyeukagua mwili alisema ni moja tu lililoweza kumwua, nalo ni la pili, la kifuani. Alianguka chini ya sanamu ya Pompeius, mtu aliyepigana naye vita. Waliokula njama walikuwa zaidi ya 60. Wengi wao Caesar alikuwa amewasamehe, na wengine alikuwa amewapa vyeo.

Wauaji wakatoka nje na majambia yao yenye damu, wakipaza sauti ya kwamba wameurudisha uhuru. Ndugu zangu, neno hilo ni neno letu pia. Ndiyo sababu nataka tulitazame vizuri jinsi lilivyotumika siku ile.

Tuanze kwa kuwapa wauaji haki yao, maana hawakuwa wahuni. Kwa hesabu ya Warumi wenyewe, mwaka 509 K.K. walimfukuza mfalme wao wa mwisho, Tarquinius, wakaapa ya kwamba hawatatawaliwa tena na mfalme. Wakaweka na sheria: mtu atakayejaribu kujifanya mfalme aweza kuuawa bila kuhukumiwa. Aliyeongoza kumfukuza mfalme aliitwa Brutus, na Brutus huyu wa mwaka 44 alijihesabu kuwa ni wa uzao wake. Watu walikuwa wakiandika maneno usiku chini ya sanamu ya yule wa kale, na kwenye kiti cha hukumu cha huyu wa sasa, kumwuliza kama amelala. Kwa hiyo mbele ya sheria ya zamani ya nchi yao, wauaji walikuwa na pa kushika.

Na Caesar naye alikuwa na makosa, tena makubwa. Januari mwaka 49 K.K. alivuka mto Rubicon pamoja na jeshi lake, jambo lililokatazwa kabisa na sheria, akaanzisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoendelea mpaka mwaka 45. Udikteta katika Roma ulikuwa ni kazi ya dharura, na muda wake wa desturi haukupita miezi sita. Caesar alipewa miaka kumi, kisha mwanzoni mwa mwaka 44 akapewa wa maisha. Wakuu wa nchi aliwapanga mapema kwa miaka ya mbele, kama mtu apangaye wageni mezani. Siku ya mwisho ya mwaka 45 mkuu mmoja alikufa, na Caesar akamweka mwingine ashike cheo hicho kwa saa zilizobaki tu za siku ile. Cicero, aliyekuwa bingwa wa maneno, akafanya mzaha wenye uchungu ndani yake: kwamba wakati wote wa utawala wa bwana huyo hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekula chakula cha asubuhi. Na watetezi wawili wa makabwela, waliochaguliwa na watu, walipoondoa utepe wa kifalme uliovikwa sanamu yake, Caesar aliwavua kazi.

Ni kweli ya kwamba tarehe 15 Februari, mbele ya watu wengi, Antonius alipomletea utepe wa kifalme aliukataa, na watu wakashangilia. Lakini mtu mwenye udikteta wa maisha ana haja gani ya utepe? Hapo nakubaliana kabisa na wauaji. Mtu aliyeifanya kazi ya umma kuwa mali yake amewanyang'anya watu haki yao, hata akiwa hodari, hata akiwa mpole.

Na upole alikuwa nao, hatuwezi kumnyima. Maadui aliowashinda aliwasamehe. Raia 80,000 aliwapeleka ng'ambo wakapate makao mapya. Aliamuru wenye mifugo mingi waajiri watu huru wasipungue theluthi moja ya wachungaji wao, ili watumwa wasiwamalizie wenyeji kazi zote. Alitengeneza hesabu ya mwaka, na hesabu hiyo, ikiwa imerekebishwa kidogo, ndiyo tunayoitumia hata leo. Kwa ajili ya marekebisho hayo mwaka 46 K.K. ulikuwa na siku 445, nami nawahurumia waliolipwa kwa mwaka.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo mara nyingi vitabu vya shule hulipita mbio. Kama Caesar alistahili kushtakiwa, kosa lake kubwa kuliko yote lilikuwa nini? Liulizeni swali hilo mkiwa mmesimama nje ya Roma.

Kuanzia mwaka 58 K.K. Caesar alikwenda kuishinda Gaul, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa. Plutarch, aliyeandika maisha yake, asema watu milioni moja waliuawa na milioni moja walitekwa. Hesabu za zamani hupenda kunenepa, lakini tusimtegemee Plutarch. Tumtegemee Caesar mwenyewe, maana aliandika kitabu juu ya vita hivyo. Aandika ya kwamba katika mji wa Avaricum, mwaka 52, kati ya watu wapatao 40,000 waliosalimika hawakufika 800 kwa shida. Mwaka uliofuata, katika ngome ya Uxellodunum, waliokamatwa na silaha walikatwa mikono na kuachwa hai ili wengine wawaone. Vercingetorix, kiongozi aliyewaunganisha watu wa Gaul waitetee nchi yao, alitiwa gerezani miaka, kisha mwaka 46 akatembezwa Roma katika maandamano ya ushindi na kuuawa.

Nanyi mkasikilize hili la watu wa Veneti, waliokaa ufukoni upande wa magharibi, mabaharia hodari. Waliposhindwa mwaka 56, Caesar aliamuru baraza lao lote la wazee liuawe, na watu wengine wote wauzwe utumwani. Baraza lote! Na je, ni nani aliyeongoza merikebu za Kirumi zilizowashinda Veneti? Ni Decimus Brutus, ndugu wa ukoo wa yule Brutus mashuhuri. Ndiye huyo huyo aliyekwenda nyumbani kwa Caesar asubuhi ya tarehe 15 Machi kumshawishi aende barazani, akijua majambia yanamngoja. Trebonius naye, aliyemzuia Antonius nje ya mlango kwa mazungumzo, alikuwa mmoja wa wakuu wa jeshi la Caesar huko Gaul. Watu hao hawakuona ubaya wowote Caesar alipolifuta baraza la wazee wa watu wengine. Waliona ubaya alipolidharau la kwao. Mkuki kwa nguruwe, ndugu zangu. Mwisho wake mnaujua.

Roma nzima haikukosa mtu wa kulisema hilo. Cato alisimama barazani mwaka 55, baada ya Caesar kuwashika wajumbe wa makabila ya Kijerumani waliokuja kuzungumza naye na kuwashambulia watu wao, akataka Caesar akabidhiwe kwa wale aliowakosea. Hakuna aliyelifuata shauri lake. Badala yake Baraza likatangaza sikukuu ya kushukuru miungu kwa ushindi. Basi kwa kosa lile Caesar alipewa sikukuu, na kwa lile la kukaa kitini bila kuwainukia wazee walipomjia, watu walinung'unika mpaka wakanoa majambia.

Na Brutus mwenyewe, yule ambaye hata maadui zake wamemsifu kwa unyofu? Katika barua za Cicero, aliyekuwa gavana wa Kilikia na Kipro mwaka 51 hadi 50, imo habari isiyopendeza. Watu wa mji wa Salamis katika kisiwa cha Kipro walikuwa wanadaiwa fedha na wakopeshaji wa Kirumi. Riba waliyodaiwa ilikuwa asilimia 48 kwa mwaka, ingawa kiwango alichokitangaza Cicero hakikupita asilimia 12. Mdai mmoja alipewa askari wa farasi na gavana aliyetangulia, akalizingira baraza la mji wakiwa ndani, wasitoke, mpaka wazee watano wakafa kwa njaa. Cicero alipochunguza akagundua ya kwamba mwenye fedha, aliyejificha nyuma ya mdai huyo, ni Brutus.

Sielezi haya ili nimtetee Caesar. Nayaeleza kwa sababu mtu akija na jambia akisema ameleta uhuru, lazima tumwulize ni uhuru wa nani. Kabwela wa Roma, mtu wa Kipro, mtu wa Gaul, mtumwa katika shamba la Sicilia, hakuna hata mmoja wao aliyeongezewa kitu siku ile. Uhuru uliorudishwa ulikuwa ule wa jamaa chache kupokezana vyeo na majimbo ya kukamua.

Kuna ushahidi mwingine wa hayo. Ile sheria ya kumwua atakaye ufalme ilikuwa imekwisha tumika kabla ya Caesar. Mwaka 133 K.K. Tiberius Gracchus, mtetezi wa makabwela, alipitisha sheria ya kuwagawia maskini ardhi ya umma iliyokuwa imeshikwa na matajiri. Wakubwa wakasema anataka ufalme. Wakamwua kwa magongo na miguu ya viti yeye na watu zaidi ya 300, na maiti wakazitupa mtoni Tiber. Kisha akaja Sulla, naye alikuwa dikteta kwelikweli, asiye na muda wala kikomo; mwaka 82 na 81 alibandika hadharani majina ya watu wa kuuawa, mamia kwa mamia, na mali yao ikauzwa. Je, Sulla alichomwa jambia? Hakuchomwa. Alijiuzulu kwa hiari yake, akafa mwaka 78 kwa ugonjwa, akazikwa kwa heshima. Udikteta wa Sulla ulikuwa umewarudishia wakubwa nguvu zao, na kwa hiyo hapakupatikana Brutus wa kumwendea.

Sasa, ziko hoja ambazo hatuna budi kuzikabili, nazo zina nguvu. Mtu atasema: sawa, wauaji walikuwa na mikono michafu, lakini kitendo chaweza kuwa cha haki hata kama mtendaji si mtu safi. Caesar alikuwa ameifunga milango yote. Uchaguzi aliushika yeye, majeshi yake, hazina yake, watetezi wa watu amewafukuza. Tarehe 18 Machi alikuwa aondoke kwenda kupigana na Waparthi, na akisha kuwa kati ya majeshi yake asingefikiwa tena. Mlitaka wafanye nini, waandike barua ya malalamiko?

Hoja hiyo siidharau. Mtawala anayewachinja watu wake kila siku, na mlango hata mmoja haukubaki, mimi siwezi kumwambia mzazi ambaye mtoto wake yuko chini ya upanga angoje mkutano mkuu. Lakini Caesar wa mwaka 44 hakuwa akiwachinja raia wa Roma. Alikuwa akiwanyima sauti. Na dawa ya watu kunyimwa sauti haiwezi kuwa watu sitini kuamua chumbani kwa niaba ya wote. Makabwela wa Roma walikuwa maelfu kwa maelfu, nao walikwisha onyesha tarehe 15 Februari ya kwamba ufalme hawautaki, kwa makelele yao wenyewe, bila jambia. Ndio waliokuwa nguvu ya kweli ya kumkabili Caesar. Wauaji hawakuwaendea hata mara moja, kwa sababu waliwaogopa kuliko walivyomwogopa Caesar. Walipotoka ukumbini wakakuta watu hawawashangilii, walipanda kilima cha Capitolium wakajifungia huko, wakilindwa na kina nani? Na wapiganaji wa michezo wa Decimus Brutus, wengi wa watu wa kazi hiyo wakiwa watumwa. Watumwa wakiulinda uhuru wa mabwana.

Lakini jambo lililowaumbua kabisa ni kikao cha tarehe 17 Machi. Njama yao ilikuwa mwili wa Caesar ukokotwe mpaka mtoni na amri zake zote zifutwe, kama inavyompasa mtu aliyejifanya mfalme. Hapo Antonius akawakumbusha wazee jambo dogo: amri zake zikifutwa, basi na vyeo alivyowapa vimefutwa. Mkae mkijua ya kwamba Brutus na Cassius wenyewe walikuwa mahakimu wakuu wa mwaka ule kwa mkono wa Caesar, na Decimus alikuwa amepangiwa jimbo la Gaul ya upande wa Italia. Baraza likatazamana. Kisha likapitisha mambo mawili kwa pamoja: wauaji wasishtakiwe, na amri za Caesar zidumu. Yaani kama alikuwa dhalimu, mbona amri zake ni halali? Na kama amri zake ni halali, mbona wauaji wake hawana kosa? Hawakuthubutu kujibu, maana jibu lolote lingewagharimu. Mtu anaweza kumsamehe muuaji aliyeua kwa ajili ya haki akakosea hesabu. Lakini hawa waliua kisha wakavishika vyeo alivyowapa marehemu.

Yaliyofuata mnayajua au mtayakisia. Wasia ukasomwa: kila raia apewe sesterti 300, na bustani zake za ng'ambo ya Tiber ziwe za umma. Jina la Decimus nalo lilikuwamo miongoni mwa warithi wa akiba. Siku ya mazishi watu waliwaka, wakamwua mshairi Cinna wakimdhania ni Cinna mwingine aliyemlaani Caesar. Mwaka 43 Antonius, Lepidus na kijana Octavianus waligawana nchi, wakabandika majina kama Sulla. Appian ahesabu wazee wa Baraza wapatao 300 na matajiri 2,000. Cicero aliuawa tarehe 7 Desemba, na kichwa chake na mikono vikatundikwa kwenye jukwaa alikozoea kuhutubia. Brutus na Cassius walikwenda mashariki kukusanya jeshi, na gharama wakazitoza miji ya wanyonge: Rhodes ikaporwa, mji wa Xanthos ukateketea, Tarsus ikatozwa talanta 1,500. Oktoba mwaka 42 walishindwa huko Philippi, wakajiua wote wawili. Octavianus akawa Augustus mwaka 27, mtawala wa peke yake kwa miaka zaidi ya 40, na Baraza likamshukuru.

Haya ya mwisho siyaleti kama hoja kuu, kwa maana tendo la haki laweza kuleta msiba bila kosa la mtendaji. Nayaleta kwa kuwa wauaji walikuwa na wajibu wa kuyafikiria, nao hawakuyafikiria. Walijiandaa kwa dakika tano za kuua, wakasahau kesho yake. Ajabu ni kwamba hata waliowafuata hawakujifunza. Tarehe 24 Januari mwaka 41 baada ya Kristo, askari walinzi walimwua Caligula, na huyo alikuwa mwuaji mwenyewe asiye na wa kumtetea. Wazee wakakutana kuzungumza juu ya kuurudisha uhuru. Wakati wakizungumza, walinzi walimwokota ami yake Claudius nyuma ya pazia, wakamtawaza, naye akawaahidi sesterti 15,000 kila mmoja. Mazungumzo yakaisha.

Hukumu yangu, kwa kuwa Ndugu Mwenyekiti ameniambia nisikimbie: Caesar alistahili kuondolewa, na waliomwondoa hawakuwa na haki ya kumwua. Hawakutumwa na watu, hawakumshtaki kwa kosa lake kubwa, na hawakuwa tayari kuacha hata faida moja waliyoipata kwake.

Nimalizie na sarafu moja, maana zimebaki chache mpaka leo katika majumba ya makumbusho. Brutus aliifua akiwa safarini na jeshi lake. Upande mmoja ina majambia mawili, na katikati yao kofia aliyovikwa mtumwa anapoachwa huru. Upande wa pili ina kichwa cha mtu. Katika mambo yaliyowachukiza Warumi kwa Caesar, moja ni kwamba alikuwa Mrumi wa kwanza kutiwa picha yake sarafuni mjini Roma akiwa hai. Kichwa kilichomo katika sarafu hii ya uhuru ni cha Brutus.

Sasa nayangoja maswali, na nawaomba akina mama waliokaa nyuma waanze wao, kwa kuwa mara iliyopita hawakupata nafasi.